Nakompaili LibreOffice kutoka kwenye kodi, inafika katikati inaandika "Killed", shida nini?

bonge_la_bando:
Habarini wakuu. Leo siku ya tatu nahangaika na LibreOffice (programu za ofisi za bure, kama Word na Excel), sio ile ya kudaunlodi ikiwa tayari, nataka nijenge mwenyewe toka kwenye kodi maana menyu za Kiswahili kuna maneno yamekaa hovyo nikasema ngoja nirekebishe. Laptopu ni ya zamani, prosesa ya koa 4, RAM giga 4, Ubuntu. Nikavuta kwa git clone --depth 1 ili bando lisiishe (likaisha, nikaongeza), nikapiga ./autogen.sh --enable-dbgutil kama nilivyoona mtu kaweka, halafu make. Inatembea masaa mawili hivi, feni inalia kama mashine ya kusaga, mara inaganda hata mausi haisogei, kisha:

c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus

Nikirudia make inasogea kidogo inakufia faili lingine. Kodi ina makosa au? Halafu nimeona folda inaitwa sw nikafurahi nikajua ndo Kiswahili hicho, kufungua C++ tupu. Tafsiri ziko wapi??

mzee_wa_terminali:
Kodi haina kosa mkuu. Ukiona inakufa kila mara faili tofauti ujue ni RAM. Kaneli memori ikiisha inamtafuta mlaji mkubwa inamuua, piga sudo dmesg | tail utamkuta cc1plus (ndo kompaila yenyewe ya C++) kwenye orodha ya marehemu. Una koa 4 kwa hiyo zinakimbia cc1plus nne kwa mpigo, na faili moja zito la C++ linaweza kula karibu giga nzima, bado brauza umeacha wazi, hizo giga 4 zitatosha wapi? Toa na hiyo dbgutil, ni ya wanaowinda bagi, inakubebesha mizigo mpaka hatua ya kuunganisha. Kwenye folda kuu tengeneza faili autogen.input uandike (mstari wa kwanza ni kazi mbili tu kwa mpigo, wa pili ni lugha ya Kiswahili)

--with-parallelism=2
--with-lang=sw-TZ

halafu make clean, ./autogen.sh, make. Hiyo clean usiiruke, vipande vya dbgutil na vya kawaida havipatani. Bando usiogope, vifurushi vya nje vilishakaa external/tarballs, havifutwi.

dada_wa_po:
😂😂 sw! Na mimi nilidanganyika hivyo hivyo. Hiyo ni StarWriter, programu ya kuandika, sc ni StarCalc, sd ni StarDraw, majina ya tangu enzi za StarOffice ya Wajerumani, kampuni ya Sun wakainunua 1999, ikazaa OpenOffice, LibreOffice ikaja kujitenga nayo 2010 ila mafolda hakuna aliyeyagusa. Cha kwako kiko translations/source/sw-TZ, inavutwa ukishaweka hiyo --with-lang. Na humo ndani utakuta tena folda ya sw, nayo ni Writer, usichanganyikiwe. Lakini kusema ukweli kama ni maneno tu hukuwa na haja ya kukompaili, yanatafsiriwa kwenye Weblate (tovuti ya kutafsiria) ya The Document Foundation, wenye LibreOffice, kwa brauza, hata simu inatosha.

kijana_wa_swap:
Ongeza swap file ya giga 8 (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), itakuwa taratibu ila haitauliwa. Na usije ukapata hasira ukapiga kwa sudo, itakugomea. Umeme ukikatika wewe washa upige make tena, itaendelea ilipoishia.

bonge_la_bando:
Aisee dada_wa_po hiyo ya Weblate ungeniambia juzi 😭 ila nilishaanza bwana, siwezi kuacha. Nimeweka parallelism mbili, nimeongeza swap, nikaiacha nikalala. Umeme ulikatika mara moja. Imemaliza leo jioni, nikafungua instdir/program/soffice, nikabadili lugha kwenye mipangilio, menyu zikaja Kiswahili! Lile neno lililonikera bado liko pale pale, ila sasa nimeshalikuta kwenye messages.po, faili la tafsiri, mstari wake niko nao hapa.