Kukataa kwa nguvu kwa Kijapani: "nai" tupu haitoshi, nyie mnatumiaje?

MwanaDunda (Bagamoyo)
Habari zenu wakuu. Mi naongoza watalii hapa Bagamoyo, Ngome Kongwe, Caravan Serai, kule misheni na magofu ya Kaole, na Wajapani huwa wanakuja kwa iyo najisomea lugha yao mwenyewe, N4 nimeshamaliza sasa hivi nakomaa na N3 (hizi ni ngazi za mtihani wa Kijapani, JLPT, namba ikishuka ugumu unapanda). Kukanusha kwa kawaida hakunisumbui, masen (ya heshima) na nai (ya kawaida) za mwisho wa kitenzi nazijua. Shida inaanza nikitaka kukanusha kwa uzito, yaani "hata kidogo", "kamwe", "haiwezekani kabisa", hapo maneno ni mengi mno na kitabu kimeyarundika pamoja utadhani kazi yao ni moja. Kuna zenzen, kesshite, zettai, mattaku, halafu huku mwisho wa sentensi kuna wake ga nai, hazu ga nai, mono ka. Lipi la wapi? Na lipi nikimwambia mzee wa watu ataniona sina adabu?

Nawapa mfano wa kazini. Pale misheni wageni wanapenda kuuliza kama Livingstone kazikwa pale. Hakuzikwa, mwili ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874 ukavushwa Zanzibar, ukaja kuzikwa Westminster Abbey London Aprili mwaka ule ule. Nataka hapana yenye uhakika lakini iwe na heshima ndani yake.

Chumbageni_Nihongo (Tanga)
Karibu ndugu, swali zuri sana hili maana N3 na N2 zinapenda kuchokonoa hapo hapo.

Kwanza tenganisha makundi mawili. Kuna maneno yanayokaa mwanzoni na kuna miisho. Sisi kwenye Kiswahili "ha" au "si" inakaa mbele ya kitenzi, msikilizaji anajua mapema kwamba unakataa. Mjapani nai yake iko mwisho kabisa wa sentensi, kwa iyo haya maneno ya mwanzoni yanamwandaa anayesikiliza, ni kama adhana, ukiisikia tu unajua kinachofuata ni swala. Ukisema "kesshite..." mtu anajua kabisa kanusho linakuja hata kama katikati umeongea sana. Kesshite wasuremasen, sitasahau kamwe. Lina uzito, ni la ahadi na hotuba na maandishi, sio la kuulizwa kama umeshakula.

Zenzen ndio la kila siku, zenzen wakarimasen, sielewi hata kidogo. Zettai na mattaku angalia vizuri kwa sababu yanaenda pande zote mbili, zettai ikanai siendi kabisa, zettai iku naenda lazima. Mattaku wakaranai sielewi kabisa, mattaku onaji ni sawa sawa kabisa. Kwa iyo ukisikia zettai bado hujajua kama anakataa, subiri mwisho.

Halafu kuna kundi la "hata moja" ambalo mi naona ndio tamu kuliko yote, unachukua idadi ndogo kabisa unaongeza mo. Hitori mo konakatta, hakuja hata mmoja. Ichido mo nonda koto ga nai, sijawahi kunywa hata mara moja. Na nido to ikanai, sirudi tena ng'o. Hii nido to ni ya kukata kabisa, usiitumie ovyo.

Sasa la Livingstone. Hapa kuna mtego wa herufi chache tu:

わけがない wake ga nai = haiwezekani, haiingii akilini
わけではない wake de wa nai = si kwamba...

Ukimwambia mgeni "koko ni maisou sarete iru wake ga arimasen" umemwambia haiwezekani kabisa awe kazikwa hapa, hata ukiweka arimasen ya heshima bado inasikika kama umeshangaa anauliza nini. Ukisema "maisou sarete iru wake de wa arimasen" inakuwa si kwamba kazikwa hapa, unamrekebisha taratibu. Mi kwa mgeni ningesema tu "ohaka wa koko de wa naku, Rondon ni arimasu", kaburi haliko hapa liko London. Uhakika unaletwa na habari yenyewe, huna haja ya kukaza sauti.

BintiMagomeni
Naongezea kwa mwalimu hapo juu, asante umeeleza vizuri. Kwenye zenzen mjue vijana wa Kijapani wanasema "zenzen daijoubu" na "zenzen ii yo" bila kanusho lolote na wanamaanisha wala hamna shida. Kwenye mtihani zenzen ichukulie kuwa inataka nai, ila ukimsikia mgeni anasema zenzen ii usidhani anakataa, amekubali huyo.

Na hazu ga nai hamjaigusa. Hii inatoka kwenye kitu unachokijua, unamjua mtu tabia yake, "ano hito ga wasureru hazu ga nai", yule hawezi kusahau, namjua. Wake ga nai inaegemea zaidi mantiki, kwamba haiwezi kutokea. Mara nyingi zinabadilishana nafasi na hakuna atakayekushika, usiumize kichwa.

Za mtaani sasa: dekikkonai, haiwezekani wala usijisumbue, unachukua kitenzi cha heshima kinachoishia masu, unaitoa masu unaweka kkonai (dekimasu, deki, dekikkonai). Makeru mon ka! (mon ka ni ile mono ka uliyouliza, imefupishwa) ndio ile yetu ya nishindwe mimi, thubutu! Hizi ni za marafiki na ndugu, kwa mgeni mwenye umri ziache kabisa. Na ile mai kama iku mai (sitaenda) utaikuta kwenye maandishi zaidi, itambue tu ukisoma.

MwanaDunda
Aisee mmenifungua, ile ga na de wa nilikuwa naipita tu. La mwisho wakuu, jioni wageni wananikaribisha bia na mi ni Muislamu, sinywi kabisa. Niseme zettai nomimasen?

Chumbageni_Nihongo (Tanga)
Hapana ndugu, hiyo zettai hapo inafunga mlango kwa kishindo, mtu alikuwa anakukarimu tu. Wajapani wenyewe wakikataa kitu wanachopewa wanapunguza nguvu badala ya kuongeza, wengi wanaishia "sumimasen, osake wa chotto..." na sentensi haimaliziki, mwenzake kashaelewa. Wewe sema "Isuramu kyouto na node, osake wa nomenai n desu". Umetoa sababu, na nomenai ni "siwezi kunywa" sio "sitaki", hakuna anayeudhika.

Ukiwa unaendesha gari kuna nomu wake ni wa ikimasen, siwezi kunywa kwa sababu wajibu unanizuia. Uwezo unao ila haifai. Hii N3 wanaipenda, usiichanganye na wake ga nai.

BintiMagomeni
Naunga mkono. Na wakitaka uwazungushe Mji Mkongwe wa Bagamoyo, misheni na Kaole na bado waende pwani kwa siku moja, waambie "totemo ichinichi de wa mawaremasen". Totemo ikikutana na kuweza-kwa-kukanusha inaacha kuwa "sana" inakuwa "haiwezekani kwa vyovyote", na ni ya heshima kabisa, mzee wa watu utamwambia bila wasiwasi.