Fort McMurray: nipange mjini au nikae kambini, familia ibaki Edmonton?

Kijana wa Ujiji
Wakuu, habari zenu. Nimepata kazi ya ufundi mitambo kwenye migodi ya mchanga wa mafuta, Wood Buffalo, kaskazini mwa Alberta, Kanada. Natakiwa kujibu Ijumaa. Kupanga mjini Fort McMurray na kukaa kambini, yaani mabweni ya wafanyakazi huko migodini, kipi kina unafuu?

Mzee wa Kolwezi
Ndugu, ya maana yote umeyaficha. Mgodi upi? Zamu ni 14 kwa 14 (siku za kazi kwa siku za mapumziko) au 7 kwa 7? Tiketi ya ndege analipa nani? Manispaa hiyo ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000, na sensa ya 2021 ilihesabu watu 72,000 na kidogo, karibu wote wako Fort McMurray. Ukisema "Wood Buffalo" hujasema kitu. Mgodi wa zamani wa kampuni ya Suncor uko kama kilomita 30 kutoka mjini, hapo panga nyumba. Mgodi wa Fort Hills ni kama 90. Shifti ya saa 12, ongeza kwenda na kurudi, utalala saa ngapi? Huko ni kambi tu.

Dada Nyali
Mimi nasema mjini, ila chagua mtaa. Bondeni karibu na mto Clearwater, barafu iliziba mto Aprili 2020 maji yakaingia majumbani. Abasand na Beacon Hill ziliungua vibaya 2016, na Mei 2024 zikahamishwa tena kwa sababu ya moto. Tazama Timberlea au Thickwood. Soma pia bima ya mpangaji: mara nyingi mafuriko hayamo, kipengele hicho unakinunua kando.

Mbishi Mstaarabu
Mnaita mji, lakini kisheria si mji tena tangu 1995, ulipounganishwa na eneo lote la jirani.

Dada Nyali
Kodi ya nyumba inajua hiyo sheria?

Fundi Baridi
Hakuna aliyeuliza habari ya gari. Edmonton hadi huko ni kilomita 435 hivi kwa barabara ya 63. Jaza tangi kwenye kijiji cha Wandering River, mbele yake ni msitu mtupu karibu kilomita 200.

Kuna gari lililoletwa kutoka Vancouver, ambako baridi ni ndogo, radieta imeongezwaongezwa maji ya bomba. Usiku wa nyuzi -38 maji yakawa uji wa barafu. Asubuhi injini ikawaka vizuri, dereva akaondoka. Dakika chache baadaye mshale wa joto uko juu kabisa, maana pampu ilikuwa haisukumi kitu. Akadhani ni themostati, akaendelea kuendesha. Gasketi ya silinda hedi ikaenda. Baridi ya -38, na injini imekufa kwa joto! Kulanto (dawa ya radieta ya kuzuia kuganda) ikichanganywa na maji nusu kwa nusu huanza kuganda karibu na -37. Weka dawa asilimia 60, halafu pima kwa kipimo, usikisie kwa rangi. Hita ya injini, kile kifaa cha umeme cha kuipasha moto, ichomekwe kwa muda wa saa tatu au nne kabla ya kuwasha, na ekstensheni iwe nene, ya nje, pini tatu. Zile za ndani zinakakamaa na kupasuka. Matairi yawe ya theluji, yenye alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji.

Mzee wa Kolwezi
Mtu wa kambini hahitaji gari, anapanda ndege.

Fundi Baridi
Kama ndege inalipwa. Ndiyo maana tunamuuliza, yuko kimya.

Kijana wa Ujiji
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Zamu ni 14 kwa 7. Ndege sijaona kwenye barua. Mgodi wameandika "maeneo mbalimbali". Gari langu halina hita, naweza kufunga mwenyewe?

Mzee wa Kolwezi
"Maeneo mbalimbali" maana yake watakuhamisha. Usisaini mkataba wa nyumba wa mwaka mzima. Waandike kituo cha kuanzia safari na nani anailipia.

Dada Nyali
14 kwa 7, ukitoa siku mbili za barabarani, watoto watakuona siku tano. Hamia nao.

Fundi Baridi
Hita unaweza. Injini nyingi inaingia kwenye tundu la plagi ya bloku (kizibo cha chuma ubavuni mwa injini, si plagi ya cheche): mwaga kulanto, toa plagi, safisha kutu, paka grisi oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), weka hita, kaza. Jaza, washa injini mpaka hewa yote itoke. Usiichomeke kwenye umeme kabla ya hapo, ikikaa kwenye hewa inaungua. Injini ni ipi?