Mrejesho: Nimeiaga Madagaska

Ndugu zangu katika Bwana, mwezi uliopita niliwauliza kama niwaage mapema waumini niliowatumikia kwa miaka saba huko Antsirabe, au niondoke kimya nisije nikawaumiza, kwa kuwa utume ulikuwa unanipeleka nchi nyingine. Wengi mlinishauri niage mapema wala nisiahidi kurudi, nami nikafanya hivyo.

Jumapili ya mwisho tulisoma Matendo 20, pale wazee wa Efeso wanapomwangukia Paulo shingoni wakilia, katika Biblia ya Kimalagasi, ambayo ilichapwa nzima kule Antananarivo tangu mwaka 1835. Sauti ya msomaji ilikatika katikati ya aya, na hakuna aliyeimalizia. Baadaye mama mwenye nyumba wangu alinimiminia ranovola, yale maji yanayochemshwa juu ya ukoko wa wali, akasimama kando yangu mpaka nikamaliza kikombe. Sikuweza kusema zaidi ya “veloma”, yaani kwaheri.

Ushauri wenu ulinifaa sana. Hata hivyo, sikuonana na mzee aliyenifundisha Kimalagasi, kwani alikuwa safarini, na jambo hilo bado linaniuma, ingawa nimekwisha kumwandikia barua.