Tupeane uzoefu: maonyesho ya pamoja ya Krismasi kwa sisi wa kazi za mikono

Wadau, habari za kazi. Mwaka huu tumekubaliana watu saba, kila mmoja na fani yake, tuchukue ukumbi mmoja tuuze pamoja kabla ya Krismasi. Naomba waliokwisha pita njia hii watusimulie.

Naanza na langu. Mimi ni mfinyanzi. Mara ya kwanza nilichelewa, nikaharakisha vikombe. Kwa nje vilikuwa vikavu, ndani bado vina unyevu, nami nikavipanga tanurini hivyo hivyo. Maji yakigeuka mvuke ndani ya udongo hukosa pa kutokea, chombo kinapasuka, na vipande vyake vinavunja vya jirani. Nilipofungua tanuri nilikuta vigae. Zilibaki siku tisa. Mezani nilikuwa na bakuli kumi na moja tu, na mwenzangu wa vikapu akasogeza vyake kuziba mapengo nisionekane mtupu. Sijamsahau mpaka leo.

Mtengeneza sabuni
Pole sana, ndugu. Na sabuni haitaki haraka. Hii yetu ya kostiki soda isiyochemshwa hukaa rafuni wiki nne hadi sita ipungue maji na kukaza. Niliwahi kuipeleka ikiwa na wiki mbili. Ikawayeyukia watu bafuni, na wateja wale sikuwaona tena. Kwa maonyesho ya mwanzo wa Desemba, mimi namaliza kutengeneza katikati ya Oktoba.

Mchongaji
Nachonga hori la Noeli: Mtoto, Mariamu, Yosefu, wachungaji, ng'ombe na punda. Ni kazi naipenda kuliko zote. Fransisko wa Assisi aliandaa la kwake pale Greccio, Italia, mwaka 1223, akaweka wanyama hai. Mimi nina mti na patasi. Zamani niliuza seti nzima tu. Watu walizishika, wakauliza bei, wakazirudisha taratibu. Siku moja mama mmoja akaniomba mwanakondoo peke yake, wa kwake alipotea. Nilimuuzia, na tangu hapo kila sanamu ina bei yake. Mtu ananunua Mariamu na Yosefu mwaka huu, mwakani anarudi kutafuta wachungaji.

Angalieni tarehe pia. Wengi hupanga hori wakati wa Majilio, yaani kuanzia Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Ukifungua ukumbi wiki ya mwisho, zawadi ndogo zitatoka, ila mimi nitakuwa nimechelewa.

Msusi wa vikapu
Hapa hakuna aliyegusia suala la fedha, na ndipo panapoumiza. Kundi letu la kwanza lilikuwa na sanduku moja la mauzo. Jioni hela zipo, lakini za nani? Marafiki wawili waliachana pale pale, na inaniuma kwa sababu hakuna aliyeiba. Sasa kila mmoja ana namba yake. Lebo ina nusu mbili zenye namba na bei: nusu inaondoka na mteja, nusu inaingia sandukuni, na tunahesabu kila jioni wote tukiwepo.

Halafu msikae kila mtu kwenye meza yake kutwa. Mimi huuza vyungu vya mwenzangu vizuri kuliko vikapu vyangu, maana cha mwenzangu nakisifu bila aibu.

Mshonaji
Kagueni taa. Chini ya balbu za njano kitambaa changu cha buluu kilionekana cheusi. Siku hizi naomba meza ya dirishani.

Mfinyanzi
Asanteni mno. Mchongaji, umenishtua: ukumbi tumeushika tarehe 19 Desemba. Kesho nawaita wenzangu tuombe siku ya mapema. Msusi, lebo mnazibandika? Vyombo vyangu vinateleza, gundi haishiki.

Msusi wa vikapu
Tunafunga kwa uzi. Kikombe, kwenye mkono wake. Bakuli, itumbukize ndani.