Bajeti ya afya ikipungua, huduma za watoto huathirikaje?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Bajeti ya afya inapopunguzwa, mara nyingi huelezwa kwamba mishahara na ununuzi wa chanjo havitaguswa. Ikiwa muuguzi yupo na chanjo ipo, huduma za watoto hudorora kwa njia ipi?

Jibu la 1
Ndugu yangu, hukatwa kwanza yale yasiyotajwa kwenye hotuba: mafuta ya gari, posho za safari na matengenezo ya majokofu. Huduma ya mkoba, ambayo huwafuata watoto wanaoishi mbali na kituo, husimama mapema kabisa, ilhali wa karibu huendelea kuchanjwa na taarifa za kituo zikaonekana nzuri kwa muda.

Chukua mfano wa chanjo ya surua. Kichupa chake aghalabu huwa na dozi 10, na kikishachanganywa na kimiminika chake, kilichobaki hutupwa baada ya muda wa saa sita, au kipindi cha kuchanja kikiisha kabla ya hapo. Shirika la Afya Duniani hushauri kifunguliwe hata kwa ajili ya mtoto mmoja, lakini muuguzi asiyejua shehena nyingine itafika lini humwambia mama arudi siku watoto watakapokuwa wengi, na si kila mama hurudi. Kwa kuwa surua huhitaji takribani asilimia 95 ya watu wawe na kinga ndipo isienee, pengo dogo tu hutosha kuleta mlipuko. Fedha za kuuzima mlipuko huo, jambo ambalo huniudhi sana, hupatikana upesi kuliko zile za kuuzuia.

Jibu la 2
Naongezea upande wa lishe. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto kwa utepe, na kipimo kikiwa chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, huo ni utapiamlo mkali. Akigunduliwa mapema, akiwa bado na hamu ya kula, hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa, yaani chakula maalumu chenye virutubisho vingi kilicho tayari kuliwa. Mhudumu akiondolewa, mtoto huyo huyo hufikishwa hospitalini akiwa amezidiwa, na hulazwa kwa gharama kubwa zaidi.

Muulizaji
Ahsanteni. Je, mwananchi aulize nini bajeti inapojadiliwa?

Jibu la 1
Aulize ni kiasi gani kilichofika vituoni, na kilifika mwezi gani, kwa maana fedha zilizopitishwa zikichelewa hadi mwisho wa mwaka wa fedha, ratiba ya chanjo ya mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwake huwa imekwisha kuvurugika.