Santuri za babu: wimbo unakatika katikati, mlikuwa mnachezaje?

Mjukuu_Tanga
Habari za jioni, wadau. Babu ameniachia boksi la santuri ndogo, zile za inchi saba. Jana nimepiga rumba moja ya Kikongo: mwimbaji ametulia, magitaa yanaanza kupamba moto, mara sauti inafifia, kimya. Kumbe sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, liko upande wa pili! Waliokuwepo enzi hizo, mlikuwa mnasubiri?

Mgeuza Sahani
Tulisubiri, mjukuu wangu. Sahani ile ya mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika nne, tano hivi. Jukwaani wimbo huohuo unaweza kwenda robo saa. Ndiyo maana wakaugawa, mashairi huku, sebene kule.

Mimi ndiye niliyekuwa mgeuzaji kwenye harusi za mtaani kwetu Magomeni. Ikififia, watu wanabaki wamesimama, mtu hajamwachia mwenzake mkono, macho yote kwangu. Nafuta vumbi, naweka sindano, krrr krrr, na kabla gitaa halijalia mabega yameshaanza. Siku moja nikarudia upande uleule kwa haraka. Bwana harusi hakunisemesha mpaka wali ulipoletwa.

Bendi inawaona, mkikolea inaongeza. Sahani haina macho.

Binti wa Ng'ambo
Na zile za zamani za mizunguko 78 zilikuwa fupi zaidi, kama dakika tatu tu. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, taarabu ya kukesha ikabidi ienee humo. Tena ukumbini ubeti ukikuchoma unainuka, unamtunza mwimbaji, naye anakurudishia ubeti wako. Gramafoni utaitunzaje? Bibi yangu hapa Unguja hakukubali kushindwa, akiguswa anaweka shilingi pale pembeni ya sahani. Sisi watoto tukizichukua akilala.

Mjukuu_Tanga
Shikamoo mzee, hiyo ya bwana harusi imenivunja mbavu. Binti, bibi yako namba moja.

Leo nimeziunganisha pande zote mbili kwenye kompyuta, sasa wimbo unakwenda moja kwa moja. Nikaupiga mama akiwa anachambua mchele. Ilipofika pale palipokuwa panakatika, mikono yake ikasimama juu ya ungo. Sebene likaingia, akaniuliza, "Nani kageuza?"