Naomba ushauri: watazamaji wanacheka pale tunapotaka walie

Binti_Bombo:
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Kampala, nyumbani ni Bombo. Chama chetu cha Kiswahili kimeandaa mchezo wa kuigiza tulioutunga wenyewe, na mimi nimepewa nafasi ya mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amekufa maji ziwani. Tulipouonyesha mara ya kwanza, nilianguka chini nikapiga yowe, na ukumbi mzima ukacheka. Sidhani kilikuwa kicheko cha dharau, lakini kilikuwa kikubwa, na mwenzangu aliyepiga magoti kando yangu akasahau maneno yake.

Tutauonyesha tena mwisho wa muhula, na safari hii wazazi watakuja. Mwongozaji wetu anataka niongeze kilio ili watu waelewe kuwa hapo ni huzuni. Roho yangu inakataa, ila sina hoja ya kumpa.

Kuna jambo la pili. Tangu nianze kuigiza, nikienda kutazama michezo ya wengine siwezi tena kuzama kwenye hadithi. Macho yanakimbilia taa, maleba (mavazi ya jukwaani), nani kachelewa kuingia. Nataka kujifunza kwa kutazama, na nataka pia ile raha ya zamani. Wenye uzoefu, ninyi mnatazamaje?

Kaka_wa_Jinja:
Pole sana dada. Mjini watu wamezoea vichekesho, mtu analipa kiingilio akiwa tayari kucheka. Usivunjike moyo, hata waigizaji wakubwa yanawakuta.

Kijana_Kasese:
Kabla ya kuanza, mtu mmoja asimame atangaze: simu zizimwe, na huu ni mchezo wa huzuni, tunaomba utulivu. Basi.

Mama_Maleba:
Binti yangu, mwambie mwongozaji wako kwa heshima kwamba kilio kisiongezwe, kipunguzwe. Nimeshona maleba na kusimama nyuma ya pazia miaka mingi, na hili nimeliona kwenye vikundi vingi.

Kwanza, mwili wako umeitangulia habari. Neno halijatua sikioni, mama tayari yuko chini. Waliokaa kwenye viti wengi wamefiwa, wanajua msiba unavyoingia. Mtu huanza kwa kukataa. Huuliza swali lisilo na maana, kama vile mtoto alikuwa amekula au hakula. Huendelea kuchambua mchele uliomo kwenye ungo. Kilio huja baadaye, na mwenyewe hupambana nacho kisitoke. Watazamaji wakikuona unakizuia, wao ndio watakaolia.

Pili, lugha. Ni wangapi ukumbini mnaofuata Kiswahili neno kwa neno? Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kilifanywa lugha rasmi ya pili, lakini Kampala wengi bado wanakisikia kidogo tu. Asiyeyashika maneno hushika mwili. Na mwili unaoanguka ghafla na kupiga yowe, yeye ameshauona kwa wachekeshaji, kwa hiyo anacheka kwa nia njema kabisa.

Wenzetu wa zamani walikutana na hali hii. Mwaka 1965 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha kikundi cha kuzunguka na kuonyesha michezo bure, kwa Kiingereza, Luganda, Kiswahili na lugha nyingine, wakitembelea miji na vijiji ambako wengine hawakuwahi kuona jukwaa. Miaka ya sabini mwandishi na mwigizaji Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi wakaenda mbali zaidi: ngoma, nyimbo, pumzi na miili vilibeba hadithi, maneno yakawa machache. Huo ulikuwa wakati wa Amin, na neno la jukwaani liliweza kumponza mtu. Byron Kawadwa, aliyekuwa akiongoza Ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurudi kutoka kwenye tamasha la sanaa kule Lagos. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu vijana wengi wanadhani jukwaa la Uganda lilianza na vichekesho. Halikuanza hivyo. Watu wa hapa walikaa wakatazama mambo mazito, na bado wanaweza.

Sasa niambie, katika tukio hilo umevaa nini?

Mwalimu_Arua:
Nakubaliana na Mama, ila kwa Kijana wa Kasese nina neno. Simu zizimwe, naam. Kuwaamuru watu wanyamaze, hapana. Kwetu hadithi haisimuliwi kwa mtu aliyefunga mdomo. Msikilizaji huitikia, huuliza, humwonya mhusika. Mama mmoja akisema "Maskini!" kwa sauti katikati ya tukio lako, binti, huyo amekupa zaidi ya makofi.

Kuhusu kutazama, mimi huwapeleka wanafunzi wangu kwenye mchezo mmoja mara mbili kila inapowezekana. Mara ya kwanza nawakataza daftari. Wakae, wafuate hadithi, wacheke, waogope. Mara ya pili ndipo tunafanya kazi, na kazi yenyewe ni hii: mtazame yule asiyezungumza. Anayesema maneno kila mtu anamwona. Aliye pembeni ndiye anayekuonyesha kama kikundi kinasikilizana, kwa sababu akiwa anasubiri tu zamu yake, uso wake unakuwa mtupu. Mwenzako aliyepiga magoti kando yako, je, anakusikiliza, au anasubiri?

Kisha kaa siku moja kiti cha pembeni kabisa, uwatazame watazamaji wenyewe. Watu wakichoka wanakohoa. Viti vinaanza kulia. Wakishikwa, hata mwenye kikohozi anakisahau. Hayo huwezi kuyajua ukiwa jukwaani, taa zinakupiga machoni.

Uko Kampala, una bahati ambayo sisi wa huku hatuna. Ukumbi wa Taifa uko wazi tangu 1959, karibu na Bunge. Kituo cha utamaduni cha Ndere kule Ntinda nenda kwa ajili ya ngoma, lakini mtazame hasa msimulizi anavyowavuta watu waitikie, kisha anavyowatuliza bila kuwaambia wanyamaze. Na kuna tamasha la kimataifa la michezo ya kuigiza linalofanyika Kampala tangu 2014. Humo utaona kazi za waandishi wetu ambazo hazimbembelezi mtu acheke. Nendeni kama kikundi, ombeni bei ya wanafunzi mapema. Mkirudi, zungumzeni njiani kabla hamjalala.

Binti_Bombo:
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Mwalimu, kweli mwenzangu anasubiri. Nimemkumbuka uso wake, anaangalia chini mpaka zamu yake ifike.

Mama, navaa gomesi. Na nina swali: nikifanya yote haya na bado wakacheka, nafanyaje pale pale?

Kaka_wa_Jinja:
Hapo naweza kusaidia. Usiseme maneno juu ya kicheko, yatapotea. Usiwatazame, na usikasirike usoni, kwa sababu wakiona mwigizaji kakasirika wanacheka zaidi. Macho yabaki kwa mwenzako. Kicheko hupanda, kikifika juu huanza kushuka. Kikianza kushuka, toa neno linalofuata kwa sauti ya chini, ili wanyamaze wenyewe wapate kusikia.

Mama_Maleba:
Gomesi! Nilihisi. Binti yangu, gomesi ina mabega yaliyosimama. Ukianguka nayo ghafla mabega yanapanda hadi masikioni, na mshipi wa kiunoni unakwenda upande. Hata mimi ningecheka. Usiibadilishe, ni vazi la heshima na linamfaa mama huyo. Badilisha mwendo. Anza tukio ukiwa umeketi mkekani na ungo mapajani. Habari ikifika, usiinuke. Mikono iendelee na mchele, polepole, mpaka isimame.

Na huyo mtoto, je, anaonekana mwanzoni mwa mchezo?

Binti_Bombo:
Anatajwa tu, Mama.

Mama_Maleba:
Basi mwongozaji amlete. Dakika chache, amfanyie mama yake utundu, watu wacheke naye mpaka wampende. Wape mahali halali pa kucheka, wasije wakapatafuta kwenye msiba wako. Mkimaliza mazoezi ya kwanza kwa namna hiyo, waiteni watu watano wasiojua Kiswahili vizuri waje watazame, halafu urudi hapa utuambie walichoelewa.